Je, Wamjua Samaki Huyu wa Kilindini?

 

Leo tunawaletea habari za samaki ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyemla, na huenda hakuna atakayemla. Ni mdogo, anaenea kiganjani. Hapimwi kwa kilo wala hakaangwi kwa biashara. Lakini ni jirani yetu. Alipatikana upande wa mashariki wa kisiwa cha Unguja, na tangu mwaka 2019 ana jina linalotambuliwa na wataalamu dunia nzima. Jambo lililotufanya tumweleze katika kurasa hizi ni kwamba shida nyingi zinazofika huko aliko zinatoka juu, kwetu sisi. Zinaanguka kutoka kwenye vyombo vya watu wanaotafuta riziki kama wewe na mimi.

Kilindi ni wapi?

Neno kilindi si geni. Bandari ya Mombasa inaitwa Kilindini kwa sababu maji yake ni ya kina na meli kubwa zinaweza kuingia. Wavuvi wa mshipi huhesabu kina kwa pima, yaani upana wa mikono miwili iliyonyooshwa, kama mita 1.8 hivi. Mpiga mbizi wetu wa kawaida, yule mwenye miwani na pumzi zake mwenyewe, anafanya kazi kwenye pima chache, akitafuta pweza au kamba. Anayetumia mtungi wa hewa, kama wale wanaoongoza watalii, anafundishwa asipite mita 40. Sasa samaki wetu huyu anakaa kati ya mita 50 na 80, yaani kama pima 27 hadi 44. Chukua mnazi mrefu wa mita 20, usimamishe mwingine juu yake, na wa tatu, na wa nne. Ukifika kwenye kuti la juu kabisa ndio uso wa maji. Yeye yuko huko chini kwenye shina.

Wengi wetu tunadhani matumbawe yanakwisha pale wapiga mbizi wanapoishia. Sivyo. Mwamba unateremka, na matumbawe yanateremka nao, mpaka mita 100 na zaidi penye maji safi. Ila yanabadilika sura. Tumbawe, kama tulivyowahi kueleza, ni mdudu mwenye vijimea vidogo ndani yake, na hivyo vijimea vinahitaji jua kama mahindi yanavyohitaji jua. Huko chini jua ni kidogo, kwa hiyo mengi ya matumbawe yanajitandaza kama sinia ili yakinge kila tone la mwanga linaloshuka. Wataalamu wanauita ukanda huu ukanda wa mwanga hafifu. Mtu wa pwani angesema ni utusitusi, kama saa kumi na mbili na nusu jioni, wakati unaona mtu anakuja lakini hujui ni nani.

Tena rangi huko hazionekani kama huku juu. Maji hunywa rangi nyekundu kwanza, halafu ya machungwa, halafu manjano, na inayobaki mwisho ni buluu. Ukikatwa na tumbawe ukiwa pima 15 chini, damu yako haitaonekana nyekundu, utaiona kama ya kijani au nyeusi. Wapiga mbizi wageni hushtuka sana. Sasa fikiria samaki mwenye nakshi za zambarau, anaishi mahali ambapo sehemu kubwa ya rangi yake haionekani mpaka mtu ammulike kwa tochi!

Waliomfikia walifikaje?

Hapa tunataka msomaji aelewe hatari yake, maana kuna vijana wetu wanaodhani kushuka ni suala la ujasiri tu.

Kila mita 10 unazoshuka, maji yanakukandamiza kwa uzito sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu. Kwenye mita 80 umebanwa mara tisa kuliko ulivyo ufukweni. Hewa ya kawaida inayovutwa chini ya mbano kama huo humlevya mtu kama aliyekunywa mnazi. Na hewa hiyo huingia katika damu na nyama. Ukipanda juu haraka, inatoka kwa mapovu, kama soda iliyofunguliwa kwa ghafla. Mapovu yakiwa kwenye viungo ni maumivu makali. Yakiwa kwenye uti wa mgongo, mtu anaweza kupooza miguu, na wengine hufa. Wale waliowahi kufanya kazi ya kutafuta majongoo ya bahari kwa mitungi wanawajua wenzao waliorudi hivyo, vijana wa miaka ishirini na kitu wanaotembelea fimbo.

Watafiti waliofika kwa samaki huyu walitoka katika kituo kinachoitwa California Academy of Sciences, kilicho San Francisco huko Marekani. Wao hutumia mitambo ya kupumulia inayosafisha pumzi ile ile na kuirudisha, na hewa iliyochanganywa na gesi ya heli ili wasilewe. Hata hivyo, kukaa dakika chache tu chini kunawadai saa kadhaa za kupanda polepole, wakisimama hapa na pale ndani ya maji. Ni kazi ya mafunzo ya miaka mingi na vifaa vya bei ya gari. Kwa hiyo mtu akija kijijini na mtungi mmoja wa kukodi akisema atawafundisha vijana kuvua pima 30 kwa wiki moja, mkimbieni.

Hata samaki mwenyewe anaumia akipandishwa. Wavuvi wa mshipi wa kina mmeona: chewa akivutwa kutoka mbali anafika na tumbo limetoka mdomoni na macho yamevimba. Ni kile kifuko cha hewa ndani yake kilichotanuka. Kituo hicho kiliunda chombo maalum, mfano wa mtungi unaofungwa na samaki ndani yake akiwa bado chini, ambao unahifadhi mbano ule ule aliouzoea. Kisha wakiwa nchi kavu wanaupunguza kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Yaani samaki naye anapandishwa kwa vituo kama mpiga mbizi.

Jina lake na sura yake

Kwa wataalamu anaitwa Cirrhilabrus wakanda. Jina la kwanza ni la ukoo, na katika ukoo huo kuna aina zaidi ya 60 katika Bahari ya Hindi na Pasifiki. Jina la pili ni lake peke yake. Waliomwandika rasmi, mwezi wa Julai 2019 katika jarida la kisayansi la ZooKeys, ni Yi-Kai Tea, ambaye wakati huo alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha Sydney, pamoja na Hudson Pinheiro, Bart Shepherd na Luiz Rocha.

Wakanda ni nini? Usiitafute kwenye ramani. Ni nchi ya hadithi katika vitabu vya picha vya Marekani na katika sinema ya mwaka 2018, nchi ya Kiafrika yenye utajiri na maarifa mengi lakini imejificha, watu wa nje hawaijui. Watafiti wakaona kwamba miamba ile ya kilindini nayo ni hivyo hivyo, imejificha Afrika na hakuna aliyeijua. Tena magamba ya samaki huyu yana mistari ya zambarau iliyofungamana kama mnyororo, ikawakumbusha vazi la shujaa wa hadithi hiyo. Na rangi hiyo ni kali ajabu. Samaki wengi wakitiwa kwenye dawa ya kuhifadhi, rangi zao huisha, wanabaki weupe kama karatasi. Huyu zambarau yake ilibaki.

Mimi binafsi ningependa angepewa jina la Kiswahili, kwa kuwa ametolewa kwenye maji ya Waswahili. Hilo ni langu. Lakini walau aliyemtaja alikumbuka kwamba ni wa Afrika.

Kazi yake ni ipi? Samaki wa ukoo huu huelea juu kidogo ya mwamba au kifusi cha matumbawe, wakiokota vijidudu vidogo vinavyopita na mkondo. Vijidudu hivyo ni vidogo mno, chewa hawezi kujishughulisha navyo. Samaki mdogo anavila, kisha mkubwa anamla yeye. Hivyo ndivyo chakula kinachopita tu na maji kinavyogeuka kuwa nyama inayokaa mwambani. Changu na chewa unaowavuta kwa mshipi kwenye kingo za kilindi hawaishi kwa mawe, wanategemea umati wa wadogo kama hawa.

Jike anayegeuka dume

Ndugu wa bara watasema tunawatania, lakini hebu someni. Katika ukoo huu wa samaki, wadogo huwa majike. Dume mmoja mkubwa, mwenye rangi kali, anakuwa na kundi la majike. Dume huyo akifa au akikamatwa, jike aliye mkubwa kuliko wenzake hubadilika. Rangi inabadilika, viungo vya uzazi vinabadilika, anakuwa dume kamili. Ni kama vile jogoo akichinjwa, na mtetea mkubwa bandani anaota upanga na kuanza kuwika na kupanda.

Na si yeye peke yake. Pono ni jamaa yake wa karibu. Mnajua kuna pono wa hudhurungi au wekundu, na kuna pono wa kijani na buluu. Wavuvi wengi huwaita kwa majina tofauti kama samaki wawili. Kumbe mara nyingi ni aina moja, wa hudhurungi ni wachanga na majike, na wa buluu ni madume waliokwisha kugeuka. Chewa wengi nao hugeuka hivyo hivyo, na baadhi ya changu pia.

Jambo hili lina maana kubwa kwa mvuvi. Ukivua mahali ukatoa wakubwa wote, hukutoa wazee tu. Umetoa karibu madume wote. Ni kweli majike watageuka, lakini kugeuka kunachukua muda, na kila anayegeuka ni jike mmoja mkubwa mwenye mayai mengi aliyepungua. Mkirudi mwezi ujao mkatoa tena wakubwa, wanaanza kugeuka wadogo zaidi. Ndipo wavuvi wanakaa chini ya mkungu wakilalamika, mbona siku hizi pono ni wadogo hivi? Pale ambapo vijiji vimekubaliana kufunga kipande cha bahari, kama walivyofanya watu wa Kuruwitu kule Kilifi tangu katikati ya miaka ya 2000, faida mojawapo ni hii, kwamba madume na majike wakubwa wanakaa pamoja bila kusumbuliwa.

Kuuzwa kabla ya kuandikwa

Samaki wa ukoo huu wana adui mwingine, nao ni uzuri wao. Nchi za Ulaya, Marekani na Asia watu hufuga samaki wa baharini ndani ya masanduku ya kioo sebuleni, na hawa wenye rangi kali wanatafutwa. Pwani yetu ya Kenya nayo ina vijana wanaokamata samaki wa mapambo kwa leseni, na wengine wamesomesha watoto kwa kazi hiyo. Hatusemi ni kazi mbaya.

Lakini tazameni yaliyotokea Maldivi, visiwa vya huko kaskazini-mashariki katika bahari yetu hii hii. Kuna ndugu yake wa karibu huko, samaki wa rangi ya waridi, anayeishi kati ya mita 40 na 70. Kwa miaka mingi watu walimchanganya na aina nyingine ambayo iliandikwa mwaka 1983 kwa kutumia samaki mmoja tu mchanga kutoka visiwa vya Chagos. Mwaka 2022 ndipo watafiti, akiwemo Ahmed Najeeb, mwenyeji wa Maldivi, walipothibitisha kwamba ni wawili tofauti. Wakamwita Cirrhilabrus finifenmaa, na finifenmaa katika lugha ya Maldivi ni ua la waridi. Najeeb akawa mtafiti wa kwanza wa Maldivi kushiriki kumwandika samaki wa nchi yake. Jambo zuri. Lakini wakati huo samaki mwenyewe alikuwa akikamatwa na kuuzwa ng'ambo tayari! Watafiti walisema bado yuko kwa wingi, hayumo hatarini. Hata hivyo walisikitika, na sisi tunaelewa kwa nini. Kitu kisicho na jina hakina daftari. Nani atahesabu wangapi wametoka? Nani atasema wamepungua, wamepungua kutoka ngapi?

Ni kama shamba lisilo na hati. Linaweza kukatwa vipande na kuuzwa, na siku mzee akija kulalamika anaambiwa lete karatasi.

Kilichozama hakijaondoka

Hapa ndipo tulipotaka kufika.

Zamani wataalamu wengi walikuwa na matumaini kwamba miamba ya kilindini ni kama ghala la akiba. Mwaka 1998 bahari ilipata joto kubwa, matumbawe ya Kenya yakawa meupe na sehemu kubwa ikafa. Wengi wenu mnaukumbuka mwaka ule, ndio wa mvua za El Nino. Joto likarudi mwaka 2016, na tena 2024. Basi watu wakasema, walau huko chini kuna baridi na utulivu, samaki na matumbawe ya juu yatakimbilia huko, halafu yatarudi. Luiz Rocha, mmoja wa wale waliomwandika samaki wetu, na wenzake walitoa utafiti mwaka 2018 uliopunguza matumaini hayo. Walikuta kwamba samaki wa kilindini kwa sehemu kubwa si wale wa juu waliohama. Ni wengine, wa huko huko. Na walikuta dalili za madhara ya binadamu huko pia. Kwa hiyo mwamba wa juu ukiharibika usitegemee kwamba wa chini utauletea mbegu, na wa chini ukiharibika hakuna wa juu atakayechukua nafasi yake.

Kisha mwaka 2023 Hudson Pinheiro, mwingine wa wale wale, pamoja na wenzake wakachapisha jambo lililotushangaza zaidi. Walipita kwenye miamba 84 katika nchi 14 wakihesabu takataka. Walikuta takataka karibu kila mahali, katika miamba 77 kati ya hiyo 84. Sehemu kubwa sana ilikuwa plastiki. Tungedhani zingejaa huku juu, karibu na watu, si ndiyo? Sivyo. Kadiri walivyoshuka ndivyo zilivyozidi, na nyingi zaidi zilikuwa kwenye ukanda ule wa mwanga hafifu. Na katika plastiki hiyo, kama robo tatu ilikuwa vifaa vya uvuvi: kamba, nyavu, mishipi. Mahali palipokuwa na takataka nyingi kuliko kote ni Komoro, ndugu zetu kabisa, ambako walikadiria zaidi ya vipande 80,000 katika kilomita moja ya mraba.

Tusiwacheke Wakomoro. Hesabu ikifanywa mbele ya kijiji chako utapata nini?

Kwa nini chini kuzidi juu? Huku juu mawimbi ya kusi hutikisa, yanang'oa takataka na kuzitupa ufukweni, au yanazisukuma ziteremke mteremkoni. Wapiga mbizi huokota nyingine. Huko chini hakuna wimbi wala mtu wa kuokota. Kinachofika kinakaa. Sababu nyingine inatuhusu zaidi: samaki wa juu wakipungua, mvuvi anaongeza pima. Baba yake alivua pima 10, yeye anavua 25, mwanawe atavua 40. Mshipi ukinasa kwenye tumbawe unakatwa, na dakika hiyo hiyo unafungwa mwingine. Mvuvi hana kosa la makusudi. Mchana kutwa anaweza kuacha mwambani mita nyingi za nailoni asiwaze tena, manake haionekani.

Nailoni haiozi. Babu zetu walipotumia wavu wa pamba au lema la fito, kifaa kikipotea bahari ilikila ikakimaliza. Wavu wa plastiki uliopotea unaendelea kuvua usiku na mchana. Samaki ananasa, anakufa, anavuta kaa na samaki wengine, nao wananasa. Mavuno ya wavu huo hayafiki kwa mama wa kukaanga wala kwa mchuuzi. Na pale unapofunika tumbawe lenye sura ya sinia, unalinyima kile kimwanga kidogo lililokuwa likijitandaza kukikinga. Tumbawe la huko hukua polepole sana. Likivunjwa na nanga au na wavu unaovutwa kwa nguvu, mwanao hatalikuta limepona.

Wasomaji wa bara, nanyi mmo. Mto Athi unaopita Machakos na Makueni ndio unaoitwa Galana mbele, na ukifika Malindi unaitwa Sabaki. Wakati wa mvua bahari ya Malindi huwa nyekundu kwa udongo, maili nyingi. Ule ni udongo wa mashamba yenu. Matumbawe yanayoishi kwa kufinyafinya macho yatafute jua hayawezi kuishi chini ya maji ya chai. Kila kikundi kinachochimba matuta na kupanda nyasi kwenye kingo za mto kinafanya kazi ya baharini bila kujua, ingawa faida ya kwanza ni ya shamba lenyewe.

Kikundi kifanye nini?

Hatutawaambia muache kuvua. Watoto wanakula na karo inadaiwa. Lakini yako mambo madogo yasiyo na gharama.

Wa malema kwanza. Malema ya waya yakipotea yanaendelea kuua kwa muda mrefu. Basi mlango au upande mmoja wa lema ufungwe kwa kamba ya katani badala ya nailoni au waya. Lema likipotea, katani itaoza, mlango utafunguka, samaki watatoka. Mnaikagua na kuibadilisha kila mara kabla haijakatika. Msitumie kamba ya makumbi kwa kazi hii. Akina mama wanaofukia makumbi kwenye matope ya bahari kwa miezi mingi wanajua jinsi yanavyovumilia maji ya chumvi. Katani ndiyo yenye faida hapa, kwa sababu ya udhaifu wake.

Wa mshipi na nyavu, wekeni gunia moja ndani ya chombo. Vipande vyote vya nailoni vilivyokatwa viingie humo, hata cha urefu wa shubiri. Mkirudi vinakusanywa bandarini mahali pamoja. Nyavu kuukuu zina kazi: kufungia bustani kuku wasiingie, kufunika vitalu vya miche. Tumeona vikundi vya akina mama wakifanya hivyo na mboga zikasalimika.

Wavu ukinasa kilindini, msimtume kijana kuufuata kwa mtungi. Tumeeleza juu huko yatakayompata. Wala msiuvute kwa injini mpaka mwamba ukatike. Kata kwa urefu unaoweza kuufikia, okoa ulichookoa.

Kisha uandike. Hili ndilo tunaloliomba kwa kila kikundi cha wavuvi kinachosoma jarida hili. Nunueni daftari moja la shule, la kurasa 96 linatosha. Kila chombo kikipoteza kifaa, katibu aandike tarehe, ni kifaa gani, urefu wake, kina kwa pima, na alama za nchi kavu mlizozipata mkiwa pale: mnara upande huu, mbuyu upande ule, kama wavuvi mnavyofanya siku zote kukumbuka mahali penye samaki. Mkivua samaki msiyemjua, hasa kutoka pima nyingi, aandikwe humo pia, na mwenye simu ampige picha akiwa mbichi, rangi haijapotea, kando ya rula ya mtoto. Daftari likijaa kurasa mbili tatu lipelekeni kwa BMU yenu na kwa afisa wa uvuvi, mkabaki na nakala. Mkutano wa kupanga maeneo ya kuvua ukiitwa, nendeni nalo.